Umenunua Crown au Mark X ya mkononi Mwanza: mwongozo kamili wa kulitambua gari na kutafuta kasoro zake

Sedani ya kifahari haiuzwi chafu. Kabla hujaiona imeshapigwa maji ya presha kwenye injini, viti vimepakwa mafuta, mpira wa matairi unang'aa, na taa zote za hatari kwenye dashibodi zimezimika. Kazi yako katika wiki ya kwanza ni kuchungulia pale ambapo brashi ya muoshaji haifiki, na kufanya hivyo kwa mpangilio: namba kwanza, macho yafuate, kisha kipimo, na spea mwisho kabisa. Wanaoanza na spea ndio wanaomaliza mwezi wakiwa wamebadilisha koili sita, pampu ya mafuta na sensa mbili, na gari bado linamisi, yaani injini inaruka mapigo.

Mwongozo huu unazungumzia Toyota Crown za kuanzia mwishoni mwa 2003 hadi 2012 na Toyota Mark X za kuanzia 2004, kwa sababu zinatumia familia moja ya injini na kasoro zao zinafanana. Mwenye Mercedes au BMW atafaidika na hatua za ukaguzi, ila namba za modeli na tabia za injini atazitafuta kwake.

Anza na kibati

Fungua boneti utazame ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Kuna kibati kidogo cha chuma chenye modeli, namba ya chasisi, aina ya injini, ukubwa wake, na kodi (msimbo) ya rangi. Baadhi ya matoleo kibati hiki kimewekwa kwenye nguzo ya mlango. Karibu na ukuta ule ule namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana mfumo wa GRS182-, kisha tarakimu saba. Piga picha vyote viwili. Hizo picha ndizo utakazomwonyesha muuza spea, si jina la "Crown Athlete" tu.

Sehemu ya mbele ya namba ya chasisi ndiyo inayokuambia umenunua nini:

GRS180 ni Crown ya 2.5 (injini 4GR-FSE), GRS182 ni ya 3.0 (3GR-FSE), GRS184 ni ya 3.5 (2GR-FSE). GRS181 na GRS183 ni zile za 2.5 na 3.0 zinazovuta magurudumu yote manne. Toleo lililofuata, la 2008, linafuata mpangilio huo huo: GRS200 ni 2.5, GRS202 ni 3.0, GRS204 ni 3.5, na 201 na 203 ni za magurudumu manne. Kwa Mark X ya kwanza, GRX120 ni 2.5, GRX121 ni 3.0, GRX125 ni 2.5 ya magurudumu manne. Ya pili, iliyotoka mwishoni mwa 2009, ina GRX130 ya 2.5, GRX133 ya 3.5 na GRX135 ya magurudumu manne.

Tofauti ya tarakimu moja ina uzito. Gari la magurudumu manne lina difu ya mbele, shafti za mbele na sampu ya oili ya umbo jingine, ukinunua spea za chini kwa kusema "Crown ya 2.5" tu, nusu zitarudi dukani. Injini nazo hazifanani tabia, kama utakavyoona tukifika kwenye kaboni.

Linganisha kodi ya rangi na rangi unayoiona. 062 ni nyeupe ya lulu, 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha. Gari jeusi lenye kibati cha 1F7 limepakwa upya lote, na lazima ujue kwa nini. Kisha linganisha namba ya injini kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bloku. Injini za GR-FSE zilizochoka hubadilishwa mara nyingi kwa injini za mtumba, na hilo si kosa, ila kadi inatakiwa iseme ukweli. Ikiwa hazilingani, suala hilo limalizwe TRA kabla ya kuhamisha umiliki.

Umri wa kweli na kilomita za kweli

Mwaka ulioandikwa kwenye tangazo huwa ni wa usajili au wa matumaini. Vuta mkanda wa kiti cha mbele hadi mwisho: chini kabisa, karibu na sakafu, kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Mikanda yote iwe ya kipindi kimoja. Mkanda mmoja mpya kuliko mingine ni dalili kwamba uliwahi kufyatuka kwenye ajali ukabadilishwa.

Halafu tafuta stika za Kijapani. Zimebandikwa kwenye ukingo wa mlango wa dereva au ndani ya boneti, zikionyesha tarehe na kilomita za kumwaga oili. Wajapani wengi huandika mwaka kwa enzi ya mfalme, kwa hiyo stika yenye 25.6.10 si ya mwaka 2025. Ni mwaka wa 25 wa enzi ya Heisei. Jumlisha 1988 unapata 2013. Kwa enzi ya Reiwa, jumlisha 2018. Ikiwa stika ya 2013 inasema kilomita 118,000 na dashibodi leo inasoma 84,000, huna haja ya mashine yoyote kujua kilichofanyika.

Kama gari liliagizwa moja kwa moja, omba karatasi ya mnada. Gredi 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 ina mikwaruzo na uchovu wa kawaida, R au RA ina maana liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa: A1 ni mdogo, A3 ni mkubwa.

Kadi na madeni

Hapa ni haraka lakini usiruke. Kadi iwe halisi mkononi mwako. Kadi halisi ikiwa "iko kwa ndugu" mara nyingi iko kwa mkopeshaji, gari likiwa dhamana. Kagua deni la faini kwenye mfumo wa Polisi wa usalama barabarani, na uhai wa bima kwenye mfumo wa TIRA. Vyote vinafanyika kwa simu kwa kutumia namba ya usajili. Mkataba wa mauziano utiwe saini mbele ya wakili, ukiwa na namba ya chasisi kamili, si namba ya usajili peke yake.

Maji, kutu na ajali

Maji ya Ziwa Victoria ni baridi. Hayana chumvi, kwa hiyo gari lililoishi Mwanza na kuoshwa kwa maji ya ziwa halipati kutu ile ya kula chuma kutoka chini. Ukikuta chasisi imevimba kutu, boliti za chini zimeliwa na bomba za breki zina magamba, kutu hiyo ilikuja na gari: ama kutoka mikoa ya theluji ya Japani ambako barabara humwagiwa chumvi, ama kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Bomba za breki zenye magamba zibadilishwe mara moja, usisubiri zitoe maji.

Kuzama kwenye mafuriko ni jambo jingine, nalo ni baya zaidi kwa gari lenye kontrol boksi nyingi kama hizi. Inua zulia la mbele upande wa abiria, ubonyeze sponji ya chini kwa kiganja. Vuta mikanda hadi mwisho utafute mstari wa tope. Ng'oa soketi moja ya umeme iliyo chini ya kiti: pini ziwe zinang'aa, si za kijani. Tazama pia shimo la tairi la akiba kwenye buti. Pafyumu kali ndani ya gari ni sababu ya kunusa zaidi, si ya kufurahi.

Kwa ajali, tazama boliti za fenda na za boneti. Rangi juu ya kichwa cha boliti iwe nzima. Ikiwa imechubuka, fenda iliwahi kutolewa. Mbele, kwenye mihimili miwili inayobeba bampa, tafuta mikunjo na mistari ya kuchomelea isiyolingana kushoto na kulia.

Asubuhi ya kwanza: stati ya baridi

Hiki ndicho kipimo kimoja chenye faida kuliko vyote. Gari lilale usiku mzima bila kuwashwa. Usikubali kulipima likiwa la moto, kwa sababu injini za 4GR na 3GR huficha maradhi yake zikishapata joto.

Kabla ya kuwasha, vuta kijiti cha oili. Futa, chomeka, vuta tena. Kiwango kiwe kati ya alama mbili. Nusa: ikiwa kinanuka petroli na kiwango kiko juu ya alama ya mwisho, pampu ya mafuta ya presha kubwa, ile inayosukumwa na kamshafti, huenda inavujisha petroli kuingia kwenye oili. Gari hilo lisiendeshwe mbali, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Fungua kifuniko cha kujazia oili uangalie upande wa ndani. Rangi ya kahawia ya chai ni sawa. Masizi mazito meusi yanayogandamana yanasema oili iliachwa hadi ikapika. Utelezi mweupe kama uji unasema kuna maji.

Fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa ya baridi tu. Maji yawe ya waridi au mekundu na safi. Maji matupu ya bomba, au ya kutu, yanakuambia gari lilikuwa likiongezwa maji njiani. Duara la mafuta juu ya maji ni dalili mbaya zaidi.

Sasa washa swichi bila kupiga stati. Taa ya cheki injini lazima iwake. Taa ya ABS iwake kisha izime. Taa ya mfuko wa hewa iwake kwa sekunde sita hivi, kisha izime yenyewe. Taa ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayowaka bila kuzima, kwa kuwa mtu ameitoa au ameiziba ili usiione.

Piga stati, mtu mwingine akiwa nyuma kwenye ekzosi. Sikiliza mlio wa "krrr" wa sekunde moja au mbili kutoka mbele ya injini. Kwenye 3.5 mlio huo hutoka kwenye gia za kamshafti za VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka. Ukidumu zaidi ya hapo, shuku tensheni ya cheni. Injini hizi zote zinatumia cheni, kwa hiyo anayekuambia "timing belt imebadilishwa juzi" hajui anachouza. Mlio wa tik-tik wa haraka kutoka juu ni wa nozeli na pampu ya presha, nao ni wa kawaida kwa injini za D-4, zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda.

Moshi wa bluu unaotoka kwa nguvu kisha ukapungua ni oili iliyopenya usiku kupitia sili za valvu. Bluu unaoendelea ukikanyaga mafuta ni ringi. Mweupe mzito wenye harufu tamu, usioisha injini ikishapata moto, ni maji ya rejeta yanayoungua. Mvuke mwepesi wa asubuhi Capri Point au Bwiru, karibu na maji, si ugonjwa. Ukipotea ndani ya dakika tano uuache.

Weka kiganja kwenye usukani usikilize silensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Ikitetemeka kwa mapigo yasiyo sawa dakika mbili tatu za mwanzo kisha ikatulia, umeshapata mshukiwa wako wa kwanza.

Kaboni kwenye valvu

Kwenye 4GR-FSE na 3GR-FSE, petroli hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda. Hakuna petroli inayopita nyuma ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye injini hutua pale, unaungua, unaganda tabaka juu ya tabaka. Hewa inaingia kwa kuhangaika, silinda moja ikipata kidogo kuliko nyingine, na injini inamisi ikiwa ya baridi.

Sasa sikia hili kwa makini, kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa: dawa ya kumimina kwenye tenki la mafuta haiwezi kuondoa kaboni hiyo. Dawa inapita njia ile ile ya petroli, na petroli haifiki kwenye valvu hizo. Inaweza kusaidia nozeli, basi. Kinachosaidia ni kutoa manifoldi ya hewa, kuhakikisha valvu za silinda unayoisafisha zimefunga, kulainisha kaboni kwa dawa ya kusafishia kabureta, kuikwangua kwa brashi za nailoni na vijiti vya mbao, na kufyonza uchafu wote kabla ya kugeuza krankshafti kwa silinda inayofuata. Ni kazi ya siku nzima. Fundi anayetaka kutumia bisibisi ya chuma mwondoe. Mkwaruzo kwenye kikao cha valvu hautengenezeki kwa brashi. Gasketi za manifoldi ziwe mpya, na valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, ibadilishwe hapo hapo, la sivyo kaboni inarudi haraka.

Injini ya 3.5 (2GR-FSE) ina nozeli mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja kwenye njia ya hewa, hivyo tatizo hili linaipata kidogo sana. Kama una GRS184, GRS204 au GRX133 na gari linamisi, usianze na kaboni.

Gari linamisi: tafuta silinda kwanza

Chomeka kifaa cha kusomea kodi kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Vifaa vya bei nafuu vya bluetuthi havisomi kila gari la soko la Japani. Kikikataa, tafuta fundi mwenye mashine inayoielewa Toyota ya Japani kabla ya kusema kontrol boksi imekufa.

Andika kodi zote kabla ya kufuta chochote. P0301 hadi P0306 zinataja silinda inayomisi. Namba witiri, 1, 3 na 5, ziko upande wa kulia wa gari. 2, 4 na 6 upande wa kushoto. P0300 ni kumisi kwa silinda zaidi ya moja bila mpangilio, ndiyo kawaida ya kaboni au hewa inayovuja.

Ukipata P0303, kwa mfano, fanya hivi:

1. Toa koili ya silinda 3 uihamishie silinda 5, na ya 5 iende 3.
2. Futa kodi, endesha dakika 15.
3. Kodi ikihamia P0305, koili ni mbovu. Nunua moja, si sita.
4. Ikibaki P0303, badilishana plagi kwa namna ile ile.
5. Ikibaki bado, pima kompresheni ya silinda zote. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi baa 1.
6. Kompresheni ikiwa sawa, ndipo nozeli na waya wake zishukiwe.

Plagi za injini hizi ni za iridiamu, sita. Usigonge wala kurekebisha mwanya wake kwa bisibisi, ncha yake hukatika. Feki ni nyingi madukani. Ya bei ya plagi ya bodaboda si iridiamu. Ukikuta kisima cha plagi kimejaa oili, gasketi ya tapeti imechoka, nayo hutoa ile harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni ya Mabatini, oili ikidondokea ekzosi.

Kodi P0171 na P0174 zikija pamoja zinasema pande zote mbili zinapata hewa nyingi kuliko petroli. Safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu bila kuigusa kwa kidole, kisha tafuta bomba la hewa lililopasuka baada ya filta. P0420 na P0430 huonekana sana kwa sababu masega ya ekzosi yametolewa na kuuzwa. Tazama chini kama kuna alama ya kuchomelea kabla ya kununua sensa za oksijeni. P0011 na P0021 huanza na oili chafu au yenye uzito usiofaa, kwa hiyo mwaga oili kwanza, kisha safisha valvu za kuongozea oili ya VVT-i.

Ikiwa mashine haina kodi hata moja, angalia kama vipimo vya ndani vimekamilika. Vikiwa vyote "havijakamilika", betri ilitolewa au kodi zilifutwa karibuni. Endesha siku tatu nne, pima tena.

Kuchemsha, na thermostati iliyotupwa

Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Hapo maji yasiyo na mgandamizo huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoongeza mgandamizo ili maji yasichemke, kwa hiyo kifuniko chenye mpira uliokauka kinatosha kulichemsha gari kwenye mlima wa Isamilo hata kama pampu ni nzima. Kibadilishe kabla ya yote. Kiwe cha kiwango kile kile kilichoandikwa juu yake.

Kisha angalia uso wa rejeta na kondensa ya eya kondishena. Wale vijidudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi wakati fulani huingia kwa maelfu mbele ya gari, wanakauka, vumbi linashikana nao, na hewa haipiti tena. Kwa nje utaona wachache; wengi wako kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo bomba la muoshaji halifiki. Legeza rejeta, tenganisha, suuza kwa maji yasiyo na presha kubwa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa hulaza mapezi. Filta ya hewa ya ndani ya gari, nyuma ya kisanduku cha glavu, hujaa wadudu hao hao. Ukiibadilisha, eya kondishena iliyoitwa mbovu mara nyingi inarudi kupuliza.

Uliza kama thermostati ipo. Mafundi wengi huitoa gari likichemsha mara moja, na wenye magari hushukuru kwa kuwa mshale umeshuka. Bila thermostati injini inakaa ya baridi, kontrol boksi inamwaga petroli zaidi, na oili inachafuka upesi. Usiamini mshale wa dashibodi: kwenye Toyota hizi hubaki katikati hata joto likipanda na kushuka. Soma joto kwa mashine. Safari ya kawaida iwe kati ya nyuzi 80 na 95. Likibaki 65 barabarani, thermostati haipo au imekwama wazi. Likipanda ukisimama na kushuka ukitembea, feni za umeme. Likipanda ukikimbia au ukipanda mlima, rejeta au pampu ya maji. Tafuta mabaki ya waridi yaliyokauka chini ya puli ya pampu.

Gia boksi

Gia boksi za gia 6 za magari haya hutumia mafuta ya Toyota WS na hazina kijiti cha kupimia. Kasoro nyingi zilianzia kwa mtu aliyemimina mafuta ya aina nyingine, au aliyepima kiwango likiwa la moto sana. Kiwango hupimwa injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa limelala sawa, joto la mafuta likiwa karibu nyuzi 40, kwa kufungua boliti ya kufurikia: yadondoke kidogo kidogo, si kumwagika wala kukauka. Ukimwaga kwa kufungua sampu hutoka kama lita 3. Pima kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho, kisha hakikisha kwa joto. Sumaku za sampu kuwa na ute wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho si kawaida.

Jaribu hivi: shika breki, toka N kwenda D, hesabu. Ikichukua zaidi ya sekunde moja na nusu kushika, au ikishika kwa kishindo, andika. Panda kilima cha Bugando taratibu. Mshale wa resi usiruke juu bila gari kuongeza mwendo. Kisha shika barabara ya Kenyatta hadi Usagara na kuendelea kuelekea daraja la Kigongo–Busisi, ambako kuna nafasi ya kwenda kilomita 80 kwa utulivu. Mtetemo wa kama kupita kwenye matuta madogo, ukiwa gia ya juu na mguu mwepesi, hutoka kwenye klachi ya konveta au kwenye mafuta yaliyochoka. Badilisha mafuta kwanza, pima tena.

Chini ya gari

Barabara za mawe za kupanda vilimani zimewafanya wengi kuinua Crown kwa speisa. Tazama juu ya shokapu. Speisa nene hubadilisha pembe ya bolijointi na kula matairi upande mmoja; ukiona tairi za mbele zimelika upande mmoja tu, toa speisa au punguza unene, kisha fanya alaimenti. Mlio wa "tok" ukivuka tuta ni linki za stabilaiza au bushi za lowa amu. Tairi isomwe tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Umeme

Betri iliyopumzika usiku isome volti 12.6, injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4. Betri ikifa kila baada ya siku mbili, funga milango yote kwa funguo, subiri nusu saa kontrol boksi zilale, pima mkondo unaovuja: usizidi miliampea 50. Ukizidi, toa fyuzi moja moja hadi ushuke. Anza na vilivyoongezwa baadaye: alamu, kifuatiliaji cha GPS, redio. Redio ya Kijapani isiyoshika stesheni za juu ya 90 si mbovu. Masafa ya FM ya Japani huanza 76, na inahitaji kigeuza masafa tu.

Cha kubadilisha mwezi wa kwanza

Oili ya 5W-30, nunua lita 7: mimina 5.5, washa, zima, subiri dakika tano, ongeza kwa kufuata kijiti. Kama filta yako ni ya karatasi ndani ya kikombe, oringi nayo iwe mpya. Filta ya hewa, filta ya ndani, maji ya breki ya DOT 3, maji ya rejeta ya waridi, kifuniko cha rejeta. Kisha pima oili kila kilomita 500. Ikishuka lita 1 kabla ya kilomita 2,000, injini inakula oili kupita kiasi. PCV na kompresheni zikaguliwe kabla hujaanza kutafuta injini ya mtumba.

Mwisho, ingiza namba ya chasisi kwenye ukurasa wa Toyota Japani unaoonyesha marekebisho ya usalama. Mifuko ya hewa ya Takata iliyorudishwa kiwandani kwa mamilioni ilikuwa na kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Ukurasa ukionyesha kazi ambayo haijafanyika kwenye mfuko wa hewa wa abiria, mtu asikae kiti hicho cha mbele mpaka mfuko ubadilishwe, na usimruhusu fundi wa mtaani kuufungua kwa mkono.